Ngata ya Maiki

Daktari wa mjini alimwambia wifi yangu Modesta kwamba Jumatatu watamkata rovu, ule uvimbe wa shingoni, na kwamba rovu lenyewe limeukalia mshipa wa sauti kama kuku anayeatamia mayai ya jirani. Ya kuku nimeongeza mimi. Daktari alisema tu, "Mama, uhai wako tutaulinda. Sauti siwezi kukuahidi."

Modesta akarudi, akaja kukaa barazani kwangu, akanyamaza. Hapo nikaogopa. Tangu nilipoolewa na kaka yake, Mungu amrehemu, sijawahi kumwona mwanamke huyu akinyamaza bila kuzibwa mdomo.

"Acha wakate," nikamwambia. "Limeshakuwa kubwa, siku hizi watu wanalisalimia kwanza kabla yako."

Hakucheka. Akauliza, "Na wimbo?"

Wimbo wenyewe ni wa kumtoa mwali. Katika ukoo wao msichana akimaliza siku zake za kufundwa, anaimbiwa wimbo mmoja na mwanamke wa damu ya mama. Asipoimbiwa, ametoka tu, kama mtu anayetoka kwenda dukani kununua chumvi. Modesta alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi. Baada ya hapo mfereji umekauka. Binti yake Esther alijaribu sana. Sauti inatakiwa ipande, ivunjike, halafu iteremke kama maji yanavyoruka jiwe, na Esther akatoka na sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni. Mimi najua kuitikia tu. Mimi ni mke wa kaka, si wa ukoo. Sehemu ya kuongoza wimbo siijui, na ningeijua nisingeruhusiwa kuifungulia mdomo.

Na Zawadi, mtoto wa Esther, anatolewa mwezi wa nane. Modesta alikuwa hataki kingine duniani: siku hiyo mjukuu wake atoke kwa sauti ya bibi yake, awe na koo au asiwe nalo.

Kwa hiyo Esther, ambaye sauti hana lakini akili anayo, akatafuta fundi wa kunasa sauti huko Mwembesongo, akamtuma kwetu Jumamosi, siku mbili kabla ya kisu. Modesta alikuwa na pumzi ya wimbo mmoja tu. Akiimba, rovu linavimba, koo linafunga, mpaka kesho yake ananong'ona. Asingeweza kurudia. Ulikuwa ni wimbo mmoja, mara moja, na baada ya hapo hospitali.

Fundi alipanda na pikipiki kutoka Mkuyuni. Jina lake Evance, mwanamume wa makamo, kipara kimeanza kuchungulia, mpole, na begi lililomzidi uzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunasa sauti au kufunga bomba?" Maana begi lilikuwa linalia vyuma.

Akacheka vizuri. Nikampenda. Lakini shemeji yangu Lukasi hakuwa na habari ya kupenda mtu. Lukasi ndiye mdogo wao Modesta, na ndiye mjomba wa ukoo, na kwetu mjomba akishasema amesema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo katikati ya magoti.

"Fundi," akasema, "wimbo huu mwanamume hausikii."

"Esther aliniambia, mzee. Nitafunga mitambo nje ya dirisha, nipitishe waya. Ndani watabaki wao wenyewe. Mimi nitasikiliza kwenye hedfoni nihakikishe..."

"Hutasikiliza."

"Mzee, kazi yangu ni kusikiliza."

"Leo kazi yako ni kutosikiliza. Utawasha, utakabidhi hivyo vya masikioni, halafu mimi na wewe tutakwenda kule kwenye mikarafuu kuongea habari za mpira."

Evance akatuangalia mmoja mmoja, mimi, Modesta, na Bi Asha jirani yetu ambaye angepiga ngoma. Aliona hakuna wa kumtetea. Akafuta kipara.

"Basi nisikilizeni vizuri, mama zangu. Nikishatoka hapa siwezi kurekebisha kitu. Maiki ikilegea, ikigeuka, ikianguka, sitajua mpaka mwisho. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kile kitakachoishika. Hicho chuma kitakuwa ndiyo mimi. Tukikosea kukichagua, nitampelekea Esther kimya."

Modesta akameza mate. Nikaliona rovu likipanda na kushuka.

Hapa inabidi niseme jambo, na nimeomba ruhusa kwa mwenyewe. Maneno ya wimbo sitayaandika, hata mkinipa ng'ombe. Lakini Modesta amesema mambo mawili ya nje naweza kuyataja. La kwanza, mwimbaji hujipiga kifua kwa kiganja, tena kwa nguvu. La pili, mwishoni, likifika jina la bibi wa ukoo, hupiga magoti, kwa sababu jina hilo halitamkwi mtu akiwa wima. Kama wewe unayesoma ni mwanamume, soma haraka haraka upite.

Mambo hayo mawili ndiyo fundi alitakiwa ayajue. Na ndiyo asiyoweza kuambiwa.

Akatandaza vyuma vyake juu ya mkeka kama muuza nyembe. Kwanza akasimamisha stendi iliyonyooka kama mwanajeshi, ina kitako kizito cha duara. Akamwambia Bi Asha apige ngoma kidogo, yeye akavaa hedfoni. Akakunja uso.

"Hapana. Ngoma inapita ardhini, inapanda kwenye chuma. Humu masikioni ni kama lori linapita. Na mama atakuwa anacheza? Anakanyaga kanyaga?"

Sisi watatu tukaangalia dari.

"Hamsemi?"

"Endelea na kinachofuata, mwanangu," nikamwambia.

Akatoa kibano kikubwa, kama mdomo wa kaa, akasema anaweza kukibana juu kwenye mti wa paa, maiki ining'inie, iwe mbali na ardhi. Akapanda kwenye kiti, akakibana, akashuka, akasikiliza. Wakati uleule wingu likapita mbele ya jua, bati likapoa, likalia *ta!* Kisha tena *ta!*

"Bati linaongea," akasema.

"Hilo halijaanza," nikasema. "Subiri mvua."

Tukatazama mlangoni wote. Juu kabisa, kule ambako msitu unaanza, ukungu ulikuwa umeshafunga. Kwetu ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba ya kina Bartholomeo, mvua haina muda, na mvua ikigonga bati humu ndani hata ukimpigia mume kelele hasikii. Lukasi akaugusa ukingo wa mlango kwa fimbo. "Fanyeni haraka."

Evance akakishusha kile kibano, safari hii akakibana kwenye nondo ya dirisha, akaweka maiki ya ngoma. Hiyo ikatulia. Ikabaki maiki ya Modesta, yenye roho ya kila kitu.

Akafungua kikopo kidogo, akatoa kimaiki kisichozidi tumba la karafuu. Uso ukamng'aa.

"Hii ndiyo dawa yenu. Ina kibano cha nguo. Inabanwa hapa kifuani, mama akienda inakwenda, akigeuka inageuka. Hata akilala chini!"

Moyo wangu ukaruka. Akilala chini! Basi hata akipiga magoti. Lakini nikamwona Modesta anakitazama kiganja chake cha kulia, kile anachojipigia kifua, na kile kitumba cha karafuu, na nikaelewa. Pigo la kwanza tu lingekipasua masikio.

"Hapana," Modesta akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Hapana."

"Kinabana vibaya? Bibi hapa atakubandika, mimi sitakugusa."

"Hapana tu."

"Kifua chake kina wivu," nikasema mimi. "Hakitaki mgeni."

Evance akaweka kile kikopo chini, taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Nikaona uvumilivu wake umefika mwisho wa kamba.

"Mama zangu. Mimi si adui. Nikijua atafanya nini, nitajua niweke wapi. Mnanipa mgonjwa mmefunika kidonda."

Bati likalia tena. Modesta akafumba macho, na najua alikuwa anapima: amwambie, wimbo unaswe, lakini uwe umevunjwa na mwenye kuulinda, au asimwambie, uwe mzima, upotee. Mdomo ukafunguka. Lukasi mlangoni akakohoa. Mdomo ukafungwa.

Basi nikaingia mimi. Hiyo ndiyo kazi ya wifi.

"Fundi, unacho chuma kinachoweza kuwa juu, halafu kikawa chini?"

"Juu wapi, chini wapi?"

"Juu mdomoni kwake. Chini... chini tu."

"Katikati ya wimbo? Kwa nini?"

"Modesta akiimba anapungua."

"Anapungua?"

"Kama mshumaa."

Akanitazama. Nikamtazama. Yule mtu hakuwa mjinga. Macho yake yalishuka mpaka sakafuni, yakapima, yakapanda. Hakusema alichopima. Mtu mwenye adabu ni mali.

"Sawa, bibi. Sitauliza."

Akasimamisha stendi ya miguu mitatu, yenye mkono mrefu unaotoka pembeni kama mkono wa mtu anayeomba lifti. Chini ya kila mguu akakunja kipande cha blanketi, ardhi isipandishe ngoma. Kwenye ncha ya mkono akafunga kiota cha mipira, maiki ikakaa katikati ikining'inia kama buibui kwenye utando wake, hata ukigonga chuma haitetemeki sana. Pale mkono unapokutana na mti wa stendi kuna kirungu cha kuzungusha. Ukikikaza, mkono unabaki. Ukikilegeza kidogo, unashuka.

"Wewe utakaa hapa," akaniambia. "Wakati wa kupungua ukifika, legeza nusu mzunguko, uushushe kwa mkono huu, kaza. Zaidi ya hapo usiguse kabisa. Ukiparuza chuma, humo ndani itasikika kama radi."

Nikajaribu. Mkono ukashuka vizuri, lakini kirungu kikalia *kwiii*, kama mlango wa ghala.

"Hapo uzungushe polepole zaidi," akasema. "Ndiyo yenyewe hii, sina nyingine."

Modesta akaimba mstari wa wimbo wa kanisani, chini chini, fundi akaweka sawa vipimo vyake. Kisha akatoka, akawasha kinasa sauti chini ya dirisha, akamkabidhi Bi Asha hedfoni dirishani kama mtu anayesalimisha silaha. Tukawasikia na Lukasi wanapotelea kwenye mikarafuu. Lukasi alikuwa ameanza kweli habari za mpira, na anavyoufahamu mpira, nikamhurumia yule mgeni.

Tukafunga mlango. Ukungu ulikuwa umefika kwa Bartholomeo.

Modesta akachukua kichupa cha mafuta ya nyonyo. Hiyo ni desturi: kabla ya kuimba unajipaka usoni, shingoni, mikononi, mpaka ung'ae kama wewe ndiye mwali. Alipolifikia rovu akalipaka polepole, akilizunguka, kama anaaga.

"Kinu," akaniita. Hilo ndilo jina langu kwake tangu siku ya harusi yangu, kwa sababu utosi wangu unaishia kidevuni pake. "Kinu, unaogopa?"

"Naogopa utaimba vibaya halafu niwe nimeoga bure."

Akatabasamu kidogo. Halafu akakitazama kile kirungu. "Kitalia. Kitalia kwenye jina la bibi."

"Nitazungusha polepole."

"Wewe? Wewe hata ugali unausonga kwa kelele." Na kabla sijasema neno, akachovya kidole kwenye nyonyo, akakipaka kile kirungu pande zote, akakizungusha kushoto, kulia. Kimya kabisa. Laini kama ulimi. "Unaona?" akasema. "Hata mlango hutiwa mafuta."

Niliona, nikafurahi. Sisi wote watatu tulifurahi, wajinga wakubwa.

Bi Asha akaanza ngoma. Modesta akasimama mbele ya kile kiota, akavuta pumzi, nikasikia inavyopita pembeni ya rovu ikipiga mluzi. Akaanza.

Sitaeleza sauti ile. Nitasema tu kwamba nimeisikia miaka mingi nikiwa na kazi ya kuitikia, na mtu anayesubiri zamu yake hasikilizi. Siku ile nilisikiliza. Ilipanda, ikavunjika, ikateremka. Kiganja kikapiga kifua. Nikaitikia mahali pangu.

Mshororo wa pili, nikaona mkono wa stendi umeinama.

Nikadhani ni macho yangu, yana mtoto wa jicho. Nikaupima ukutani, pale palipo na picha ya Bikira Maria. Mwanzo kiota kilikuwa usawa wa uso wa Bikira. Sasa kilikuwa usawa wa mikono yake. Nikaitikia. Nikatazama tena. Kilikuwa usawa wa mkanda.

Yale mafuta. Kirungu kile kilikuwa kinashika kwa kukwaruzana, na sisi tumekipaka nyonyo. Chuma kilikuwa kinateleza chenyewe, taratibu, kama mlevi anavyoteleza kwenye ukuta.

Nikanyoosha mkono nikikaze. Vidole vyangu navyo vilikuwa na nyonyo, kwa sababu Modesta alikuwa amenipaka na mimi. Nikazungusha, kikazunguka bure, hakikushika kitu. Mkono ukashuka zaidi. Bi Asha aliona, macho yakamtoka, lakini mikono yake yote ilikuwa kwenye ngozi ya ngoma na ngoma haikatizwi. Modesta naye aliona. Aliendelea kuimba, akanitazama juu ya ile sauti, na macho yake yalikuwa yanapiga kelele.

Maiki ilishafika kifuani pake. Kiganja kilipopiga, kilipita karibu nayo. Sauti ilikuwa inapita juu, inakwenda ukutani, inakwenda kwa Bikira, haiendi kwa Zawadi. Nikamwona Modesta anaikunja miguu kidogo ili aifuate. Akipiga magoti kabla ya jina, amempa mwingine heshima ya bibi yake. Na wimbo hauna tena mwisho. Nikatikisa kichwa: usithubutu. Akanyooka. Machozi yalikuwa yanatiririka juu ya nyonyo.

Nje radi ikaguna mbali, kwa upande wa Kisaki.

Nikavua kitenge changu begani, nikakikunja, nikakizungusha duara. Vidole vilifanya vyenyewe. Ile ni ngata, ya kuwekea mzigo kichwani. Nimeikunja kila siku ya soko tangu nikiwa msichana, na nguo haina kelele. Nikaiweka utosini. Nikainama, nikaingia chini ya ule mkono wa chuma.

*Ukiparuza, itasikika kama radi.* Basi nikasubiri ngoma. Bi Asha akanielewa; akavuta mkono juu kabisa, akaliangusha pigo zito, na palepale nami nikakiegemeza chuma kwenye ngata. Pigo jingine, nikanyoosha goti moja. Pigo, la pili. Hivyo ndivyo unavyojitwika mkungu wa ndizi ukiwa peke yako njiani, hakuna wa kukutwisha: huukimbilii, unapanda nao. Nikapanda mpaka nikasimama wima, na wima yangu, mnakumbuka, inaishia kidevuni kwa Modesta. Kiota kikarudi mbele ya mdomo wake.

Mungu alijua anachofanya aliponifupisha.

Modesta akaiona maiki imerudi, na chini yake uso wangu, nimekodoa macho kama bundi. Ilikuwa karibu acheke. Najua, nilimwona. Kama angecheka, basi. Lakini akakishika kile kicheko, akakimeza, kikatokea ndani ya wimbo, na ule mshororo ukapanda mahali ambapo sijawahi kusikia unapanda.

Mimi nikawa chuma. Jasho likaingia jichoni, nikaliacha. Nzi akatua puani, nikamwachia pua. Kila nilipotakiwa kuitikia niliitikia bila kutikisa shingo, mdomo tu, kama mama aliyebeba ndoo anapomjibu mtu salamu. Shingo ikaanza kuwaka moto. Kiganja cha Modesta kilipiga kifua mbele ya macho yangu, *pu*, *pu*, na nikasikia pumzi yake inakwisha, mluzi wa rovu unakuwa mkubwa, na nikajua koo linafunga.

Halafu likaja lile jina.

Modesta akaanza kushuka. Na mimi nikashuka naye. Mzigo hushushwa kwa mapaja, si kwa mgongo, kila mwanamke wa mlimani anajua, lakini wa umri wangu anajua vilevile kwamba mapaja yameshastaafu. Tulishuka pamoja, uso kwa uso, chuma katikati yetu. Alikuwa anaimba kwa uzi uliobaki. Nikiwa bado hewani, karibu kabisa na sakafu, goti langu la kushoto likalia *ko!* kama kuni kavu.

Modesta akalitamka jina. Sauti ikavunjika, na pale ilipotakiwa kuvunjika haikuwa desturi tena, ilivunjika kweli. Ikateremka. Ikaisha.

Bi Asha akaacha ngoma. Tukabaki tumepiga magoti tunatazamana. Kisha tone moja likagonga bati. La pili. Halafu mvua yote ya Uluguru ikaanguka juu yetu, na hatukusikia chochote tena.

Evance alirudi mbio, Lukasi nyuma yake ameshikilia kofia. Fundi akasimama mlangoni, kinasa sauti amekikumbatia chini ya shati, maji yanamtiririka. Aliuona mkono wa stendi umelala mpaka chini kama jani la mgomba baada ya upepo. Akakigusa kirungu, akanusa kidole.

"Mafuta?" Akasema kwa nguvu, kwa sababu ya mvua. "Nani ametia mafuta hapa?"

Tukatazama dari.

"Basi hatuna kitu." Akakaa chini kwenye mkeka. "Mkono ulianguka. Hatuna kitu, mama. Samahani."

Modesta hakuweza kujibu. Sauti ilikuwa imeshakwenda, amebaki na mnong'ono. Akanisukumia zile hedfoni. "Wewe. Wewe kwanza. Mimi siwezi."

Nikavaa. Evance akabonyeza, kisha akageukia ukuta mwenyewe, bila kuambiwa. Lukasi akaliona hilo, na kwa mara ya kwanza akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nikasikia pumzi, ule mluzi. Nikasikia anaanza, yuko palepale, ndani ya sikio langu. Halafu sauti ikaanza kwenda mbali, kama mtu anayeteremka mtoni na ndoo yake, inapungua, inapungua. Kisha ngoma, pigo zito. Pigo. Pigo. Na Modesta akarudi, amepanda kutoka mtoni, amesimama mbele yangu. Kila kitu kilikuwemo. Kupanda kulikuwemo. Jina lilikuwemo.

Nikavua, nikamvisha.

Alisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kiganja juu ya rovu. Hajawahi kujisikia, alikuwa anamsikiliza mtu mgeni. Karibu na mwisho akashtuka, akaniangalia.

"Huyu nani amevunja kuni?" akanong'ona.

"Goti langu."

"Kwenye jina la bibi?"

"Karibu kabisa na jina la bibi."

Evance akauliza, bado uso uko ukutani, "Kuna kelele imeingia? Naweza kuitoa."

"Utaitoaje bila kuisikia?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Kweli."

"Kwa hiyo litakuwemo," Modesta akanong'ona. "Mwezi wa nane. Na kila mwali baada yake. Wimbo wa ukoo wetu, ndani yake goti la mke wa kaka."

"Sikuomba. Mmenioa wenyewe."

Akaanza kucheka. Haikutoka sauti, mabega tu na rovu likirukaruka, na Bi Asha naye akaanguka juu ya ngoma yake, na Lukasi akauliza mnacheka nini, na hatukuweza kumwambia.

Alipotulia akajifuta nyonyo na machozi kwa pindo la kanga, akafungua kile kinasa sauti kama fundi alivyomwonyesha, akatoa kadi ndogo iliyo ndani, akaifunga kwenye ncha ya kanga, mafundo mawili.

"Lukasi," akanong'ona, "kamwambie yule wa pikipiki aje Jumatatu alfajiri." Akaligusa rovu. "Haya. Sasa wakate."